Kinamasi kinahitaji wakfu, si harambee

Mwaka 2023 kiwango cha juu ambacho mtu anaweza kutuma kwa M-Pesa kwa mara moja kilipandishwa kutoka shilingi 150,000 hadi shilingi 250,000. Kwa mfanyabiashara wa Gikomba hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mashirika ya hisani ya Nairobi yanayojishughulisha na uhifadhi wa ardhioevu, tarakimu hiyo ingepaswa kuzua swali: mbona karibu kila ombi la fedha tunalolitoa linaishia kwenye namba ya paybill, yaani namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa, mahali ambapo mwenye nia ya kutoa shilingi milioni 10 angelazimika kuzikatakata mafungu 40 na kuyatuma kwa muda wa siku 20, kwa kuwa kiwango cha siku nzima ni shilingi 500,000? Hakuna atakayefanya hivyo, na ukweli ni kwamba hakuna aliyemwomba afanye. Chombo tunachochangishia kimegeuka kuwa kipimo cha kile tunachothubutu kuomba.

Silaumu simu. Michango midogo ya watu wengi inalipa bili nyingi za hospitali katika nchi hii, na mwaka 2011, Wakenya walipochangia waathiriwa wa ukame kupitia kampeni ya Kenyans for Kenya, lengo la kwanza la shilingi milioni 500 lilipitwa. Ninachokitilia shaka ni mazoea ya kudhani kwamba kinamasi kinaweza kuchangiwa kwa namna ile ile tunayochangia karo, matanga au paa la kanisa. Harambee, neno ambalo tumeliandika hata kwenye ngao ya taifa, ilibuniwa kwa ajili ya mambo yenye mwisho. Watu wanakutana, anayetoa anatajwa kwenye kipaza sauti, darasa linaezekwa, na wiki ijayo wanakutana tena kwa jambo jingine. Kinamasi hakiezekwi kikaisha. Kazi yake ni ya kila wiki kwa miaka 20 au 30, na nyingi haionekani kwa macho ya mtu aliyekuja kwa ziara ya saa mbili.

Waswahili wa pwani walikuwa na jibu la tatizo hili zamani sana, nalo ni wakfu. Mtu alitoa nyumba, duka au shamba la minazi, mali yenyewe ikawa haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake likahudumia msikiti, madrasa, kisima au mayatima kizazi baada ya kizazi. Mpaka leo Mombasa ina tume ya kusimamia mali za aina hiyo. Aliyeweka wakfu hakutarajia kushangiliwa siku ile ile. Alifikiri kuhusu kitakachobaki baada yake. Ninapozungumzia mchango mkubwa kwa ajili ya ardhioevu, hiyo ndiyo sura ninayoiona: fedha ambazo mtoaji amezifikiria kwa mwaka mmoja au miwili, zilizowekwa mahali pa kudumu, ili kazi isiyo na siku ya kuzinduliwa iendelee.

Tuchukue Ondiri, kinamasi kilicho katika mji wa Kikuyu, kilomita zipatazo 20 magharibi mwa katikati ya jiji, ambako Mto Nairobi unachimbuka. Jiji hili lenyewe lilipewa jina na maji. Kwa Kimaasai ni mahali pa maji baridi, na reli ilipofika mwaka 1899 mafundi walipiga kambi kwenye uwanda ambao mvua ikinyesha uligeuka tope tupu. Kukitunza kinamasi kama Ondiri maana yake ni kupima kina cha maji mara kwa mara kwa miaka mingi, kukaa na wakulima wanaovuta maji kwa pampu kumwagilia mboga, kufuatilia maji taka yanakotoka, kuhudhuria vikao vya kaunti ambako hati za ujenzi zinajadiliwa, na kurudi tena mwezi unaofuata kwa sababu mwenyekiti wa kikao hakufika. Fedha za mradi wa miaka mitatu haziwezi kazi hiyo. Mwaka wa kwanza unakwisha watu wakiajiriwa, wa pili ndio wa kazi, na wa tatu wafanyakazi wanaanza kutafuta ajira kwingine kwa kuwa mkataba unakaribia kwisha.

Na hata hizo fedha za miaka mitatu zinapungua. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefunga kazi. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Maofisa wetu wa kuchangisha fedha, ambao wengi wao ni mabingwa wa kuandika mapendekezo ya miradi, wamejikuta na ustadi ambao soko lake linafungwa. Wakati huo huo, mtu akipanda gari kutoka Gigiri, yaliko makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, akapita Runda na Muthaiga, anapita nje ya malango ya watu ambao wangeweza kugharimia kinamasi kizima bila kuuza hata kiwanja kimoja. Hatujui hata kama wamewahi kuombwa.

Hapa lazima tujibu swali gumu ambalo tajiri yeyote mwenye akili ataliuliza: fedha zangu zitanunua nini? Kwa wenzetu jibu ni rahisi. Douglas Tompkins, mwanzilishi wa kampuni ya The North Face, pamoja na mkewe Kristine walinunua mashamba ya mifugo katika vinamasi vya Iberá, kaskazini mashariki mwa Argentina, wakayarejesha katika hali yake ya asili, na zaidi ya hekta 100,000 zikakabidhiwa taifa; hifadhi ya taifa ya Iberá ikaundwa mwaka 2018, miaka mitatu baada ya Douglas kufariki. Mhisani alilipa, ardhi ikapatikana. Kenya mambo hayaendi hivyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinahesabu mito, maziwa na maeneo mengine ya maji kuwa ardhi ya umma, na kanuni za ardhioevu za mwaka 2009 zinatenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya maji. Kinamasi, kwa karatasi, ni chetu sote tayari. Huwezi kumwomba mtu anunue kitu ambacho sheria inasema hakiuzwi.

Kinachonunuliwa, basi, ni umbali uliopo kati ya karatasi na matope. Ni mpimaji ardhi na mawe ya mipaka, kwa sababu kinamasi kisicho na mpaka uliopimwa huliwa kidogo kidogo kila msimu wa kiangazi. Ni wakili wa kusimama mahakamani mtu anapotokea na hati ya kiwanja kilicho katikati ya mafunjo. Ni matangi ya maji ya mvua na mipira ya umwagiliaji wa matone kwa jirani ambaye tunamtaka aache pampu yake. Ni posho na ofisi ya chama cha watumiaji wa maji, vyama ambavyo Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua lakini haivipi fedha za kutosha kuendeshea shughuli. Na zaidi ya yote ni mishahara. Mchangishaji anayeona haya kulitamka neno hilo mbele ya mhisani ataishia kubuni mradi wa kisima au wa madawati ili apate pa kujifichia mishahara, na mhisani akigundua, na kwa kawaida hugundua, mlango umefungwa.

Kisha kuna suala la miti. Sijui ni hafla ngapi nimehudhuria ambako mgeni wa heshima alikabidhiwa koleo na mche ukingoni mwa kinamasi, picha zikapigwa, na gari likaondoka kabla udongo wa viatuni haujakauka. Miti ni mizuri mahali pake. Lakini kinamasi ni nyumba ya matete na mafunjo, na mkaratusi ukipandwa ukingoni hunywa maji yale yale tunayodai kuyalinda. Mhisani akija na shilingi milioni 5 na sharti la miche 50,000, jibu la kitaalamu ni kumweleza kwa upole kwamba hapa panahitaji kitu kingine. Shirika lisiloweza kutoa jibu hilo limeshaacha kuhifadhi kinamasi na sasa linahifadhi uhusiano tu.

Sasa hesabu. Tuseme shirika linatafuta shilingi milioni 60 za kuanzisha wakfu wa kinamasi kimoja. Ni mfano tu, lakini uwiano wake hautofautiani sana na ule unaoonekana katika kampeni za aina hii popote duniani. Mtoaji mmoja atoe milioni 15, wawili watoe milioni 7.5 kila mmoja, wanne watoe milioni 3 kila mmoja. Watu saba wameleta milioni 42. Milioni 18 zinazobaki ndizo za kampuni, vyama vya akiba na mikopo, na michango ya simu. Kwa kila mmoja wa hao saba, mchangishaji anahitaji watu watatu au wanne wa kuzungumza nao, kwa sababu wengi watakataa au watatoa pungufu. Kwa hiyo orodha ya kazi ni watu kati ya 20 na 30, si zaidi, na kila mmoja atachukua miezi mingi. Njia nyingine ya kufikia kiasi hicho ni kuwapata watu 60,000 wa kutoa shilingi 1,000 kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila kibaba ni chombo kidogo.

Hao 30 ni akina nani? Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuandika majina ya matajiri wanaotajwa magazetini. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na wanaofanya kazi hii kwa muda mrefu wanakubaliana nao, wakiongeza jambo la tatu. Wanatazama uwezo, kwamba fedha zipo na zinaweza kutoka. Wanatazama moyo, kwamba mtu huyu ana historia na maji au na mahali penyewe. Na wanatazama ukaribu, kwamba kuna mtu anayeweza kumpigia simu naye akaipokea. Mwenye uwezo bila moyo atatoa mara moja ili kumaliza maongezi. Mtu niliye tayari kumweka juu ya orodha ya Ondiri, kwa mfano, ni mstaafu aliyekulia Kikuyu, aliyechota maji pale akiwa mtoto, ambaye sasa ana majumba mawili ya kupangisha Ngara, na ambaye hakuna gazeti lililowahi kumwandika.

Kabla ya kumwendea huyo, kuna mlango wa karibu zaidi. Wanachama wa bodi wenyewe wametoa nini? Nimeketi katika vikao ambako bodi ilimtaka mkurugenzi alete orodha ya wahisani wakubwa, na hakuna hata mmoja mezani aliyekuwa ametoa shilingi 10,000 mwaka ule. Sihitaji kulitaja shirika. Atakayesoma atadhani ni lake. Mzee yule wa Ngara atauliza, pengine si kwa maneno, ni nani mwingine ameingia. Jibu likiwa ni wafadhili wa Ulaya, ataelewa kwamba anaombwa kuziba pengo la watu wasiomjua.

Kuhusu hoja ya kumpelekea, tumetegemea ndege kupita kiasi. Ni rahisi kueleweka, kwa sababu heroe wa Ziwa Nakuru ni wazuri katika kalenda. Lakini maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda katika muongo uliopita, chumvi ya Nakuru ikapungua, chakula cha heroe kikapungua, nao wakahamia kwingine, wengi wakienda Bogoria. Aliyeombwa fedha kwa jina la heroe alikuwa na haki ya kuuliza wako wapi. Mchango uliosimama juu ya mnyama mmoja huondoka naye.

Hoja ya maji haihami. Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, ulitanguliwa na uchambuzi uliokadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekwa katika kuhifadhi udongo wa mashamba ya juu ya Mto Tana zingezaa manufaa ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Mto huo ndio unaoipa Nairobi sehemu kubwa mno ya maji yake ya bomba. Mfuko haukuzungumza lugha ya huruma. Ulizungumza na kampuni ya maji ya jiji, wazalishaji wa umeme na watengenezaji wa vinywaji kuhusu tope linaloingia katika mabwawa yao na gharama ya kulitoa. Ni kweli kwamba kazi yake ni ya miteremko zaidi kuliko vinamasi, na kwamba kinamasi kidogo hakina wachumi wa kukifanyia hesabu za namna hiyo. Hata hivyo, tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini na kuwang'oa maelfu kutoka kingo za mito ya Mathare na kwingineko, mwenye jumba la kupangisha au ghala la Eneo la Viwanda hahitaji mhadhara mrefu kuhusu kazi ya ardhi inayofyonza mvua na kuiachilia polepole. Anahitaji ramani moja inayomwonyesha maji yalipita wapi.

Ombi lenyewe lifanywe faraghani, na mtu mwenye hadhi inayolingana na anayeombwa, na kiasi kitajwe. Kwetu hili ni gumu. Tumezoea kusema "chochote utakachojaliwa", kwa sababu adabu inatukataza kumpangia mtu mkono wake. Lakini mzee aliyeelezwa mambo kwa mwaka mzima, akapelekwa kinamasini, akakutana na wapima maji, anastahili kuambiwa waziwazi: "Mzee, tunakuomba ufikirie shilingi milioni 3 kwa ajili ya mpimaji na mawe ya mpaka wa upande wa kusini." Kisha anayeomba anyamaze. Kumwachia akisie ni kumtwika kazi yetu, naye akikosea kwa kutoa kidogo atajisikia vibaya sawa na akikosea kwa kutoa kingi.

Limebaki jambo ambalo sekta yetu hulizunguka. Nairobi ya leo, watu wengi wenye fedha za kutoa wamezipata katika ardhi. Baadhi yao wamejenga mahali ambapo maji yalikuwa yakipita. Mchango wao ukija, upokelewe? Wako wanaosema fedha hazina harufu. Siafiki, lakini pia siafiki kwamba dawa ni kuwakagua wahisani kama makarani wa mbinguni. Njia ninayoiona ni kutofautisha zawadi na malipo. Katika bonde la Naivasha, watumiaji wa maji walio karibu na ziwa, wakiwamo wakulima wa maua, waliwahi kupitia chama chao kuwalipa kwa vocha wakulima wa milimani wanaotunza udongo na maji. Hayo yalikuwa malipo, yenye masharti na vipimo, na hakuna aliyehitaji kumwita mlipaji mhisani. Mjenzi aliyeharibu kijito alipe gharama ya kukirejesha, kwa mkataba na hadharani, pamoja na adhabu ya sheria kama ipo. Asipewe kibao cha shukrani, asipewe kiti katika bodi, na fedha zake zisiingie katika wakfu. Sera hiyo iandikwe kabla hundi haijafika, kwa kuwa ikishafika mezani kila mtu huwa mwanafalsafa.

Hadhari hii haiwahusu wachafuzi peke yao. Hata Tompkins, ambaye hakuwa na kiwanda wala shamba la kuficha, alishukiwa kwa miaka mingi na watu wa Iberá kwamba mgeni huyu tajiri alikuja kunyakua maji yao. Mhisani mkubwa anapoingia mahali, majirani huuliza anatafuta nini. Kwetu, ambako kila aliye na suruali safi karibu na kinamasi hudhaniwa ni dalali, swali hilo litaulizwa mapema zaidi, na afadhali wenyeji wawe wamekaa na mtoaji kabla jina lake halijaandikwa popote.

Suala la jina nalo lina uzito. Familia ya Chandaria imetoa kwa vyuo vikuu, na majengo yenye jina hilo yanaonekana; hilo halina ubaya wowote. Kinamasi hakina ukuta wa kubandika jina, na sidhani tunapaswa kukijengea ukuta. Ila kituo cha kupimia maji kinaweza kuitwa kwa jina la marehemu mama yake mtu, na kitabu cha vipimo kikawa na jina hilo kila ukurasa. Kuhusu kodi, Sheria ya Mapato inamruhusu mtoaji kuondoa mchango wa fedha katika mapato yanayotozwa kodi endapo shirika lina kibali kinachotakiwa; ni aibu kukutana na mhasibu wa mhisani bila nakala ya kibali hicho mfukoni.

Baada ya fedha kuingia, mashirika mengi hunyamaza mpaka yanapohitaji nyingine. Mzee wa Ngara hatataka jarida la rangi. Atataka kujua jiwe la mpaka namba 14 liling'olewa na nani usiku wa Machi, limerudishwa lini, na kwa nini kina cha maji mwaka huu kimeshuka ilhali alilipa. Barua inayomwambia hayo, ikiwa na saini ya mtu aliyepima, iandikwe kila robo mwaka, hata robo ile ambayo habari zote ni mbaya.